Mto Hubeba Nini? Swali la Bahari kwa Waamini wa Tinde

Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kuhifadhi Barafu, na tarehe 21 Machi ikawekwa kuwa siku ya kila mwaka ya kuikumbusha dunia juu ya barafu kuu za milimani zinazoyeyuka. Mwezi Mei mwaka huo huo Kanisa lilitimiza miaka kumi tangu Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alipotia sahihi waraka wake wa Laudato si', juu ya utunzaji wa nyumba yetu sote. Mwezi Juni mataifa yakakutana Nice, Ufaransa, kuizungumzia bahari. Na tarehe 17 Januari 2026 mkataba wa kulinda viumbe wa bahari kuu, ile isiyo mali ya taifa lolote, ukaanza kutumika kisheria.

Habari hizo zilipozungumzwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo mojawapo hapa Tinde, baada ya sala na tafakari ya somo, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango alituuliza bila ukali wowote: “Wanangu, bahari hatujaiona, na barafu tunaijua ile ya dukani. Haya yanatuhusu nini sisi wa huku?” Wengine walicheka. Sisi hatukuwa na jibu la kutosha siku ile, na makala haya yameandikwa kwa ajili ya deni hilo.

Tuanze na maji yetu wenyewe. Mvua inyeshayo Tinde hukusanywa na vijito ambavyo kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, kisha huelekea mto Manonga, ule tunaouvuka darajani tunapokwenda Nzega. Manonga hushuka hadi mbuga za Wembere, maji yakaingia ziwa Kitangiri, na yanapozidi hutoka kwa mto Sibiti hadi ziwa Eyasi, ambalo halina mlango wa kutokea. Huko jua huyanywa maji na kuiacha chumvi. Kwa hiyo mto wetu hauioni bahari kamwe. Lakini tukisogea kaskazini kidogo, mito Isanga na Magogo huingia Ziwa Viktoria kwa upande wa Mwanza, mto Simiyu kwa upande wa Magu, na vijito vingi vya Geita hushuka moja kwa moja ziwani. Nayo maji ya ziwa hilo hutokea Jinja, nchini Uganda, yakawa mto Nili, hadi Bahari ya Mediteranea. Tukienda magharibi, kwenye misitu ya Ushetu na Bukombe, maji hufuata Moyowosi na Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo humwaga kwa mto Lukuga, penye mji wa Kalemie, hadi mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Mtu atokaye Tinde kwa basi, akapita Kahama na kulala Geita, amesafiri siku nzima juu ya paa la nyumba ambalo maji yake huteremka pande tatu: bahari mbili na ziwa moja la chumvi. Tena tangu maji ya bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yalipofika Tinde, mambo yamechanganyika zaidi. Asubuhi twanywa maji ya upande wa Nili, jioni twayamwaga upande wa Manonga.

Kuhusu mto tumezoea kuuliza swali moja: una maji kiasi gani? Mfugaji anayepeleka ng'ombe lamboni huuliza hivyo, mkulima wa majaruba ya mpunga huuliza hivyo, na mhandisi wa umeme huuliza hivyo. Bahari ina swali jingine. Yenyewe maji inayo tele. Inachouliza ni kwamba mto umebeba nini.

Sababu ni hii. Chakula chote cha baharini huanza kwa mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita fitoplanktoni. Mimea hiyo huelea juu ya maji ambako mwanga hufika, na hufanya kazi ile ile ifanywayo na mahindi shambani: huvuta hewa ya ukaa na, kwa nguvu ya jua, huigeuza kuwa mwili. Karibu nusu ya kazi hiyo yote duniani hufanyika baharini. Lakini kama vile mahindi yasivyoota kwa jua peke yake, mimea ya bahari nayo yahitaji mbolea, yaani nitrojeni, fosforasi, silika na chuma. Sehemu kubwa ya mbolea hiyo hulala kwenye vilindi vyenye giza, na huja juu pale tu bahari inapojipindua. Iliyobaki huletwa kutoka nchi kavu na upepo, na barafu, na mito. Mimea hiyo huliwa na wadudu wa majini, nao huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na jodari. Na vyote hivyo vinapokufa, sehemu ya mabaki yake huzama polepole hadi kilindini, pamoja na ile kaboni iliyovutwa hewani. Ndiyo maana bahari imeweza kumeza takriban robo ya hewa ya ukaa ambayo wanadamu hutoa kila mwaka kwa viwanda, magari na ukataji wa misitu, ingawa sehemu kubwa ya hiyo huyeyuka tu ndani ya maji baridi. Mito nayo, kwa makadirio, hupeleka baharini karibu tani bilioni moja ya kaboni kwa mwaka, iliyoyeyuka au iliyofungwa ndani ya majani, udongo na mbao zilizooza.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mwisho wa mto Nili, ule ambao chanzo chake kimojawapo ni ziwa letu. Kwa maelfu ya miaka mafuriko ya Nili yalifika Misri kila mwaka majira ya kiangazi cha huko, yakiwa mekundu kwa udongo wa nyanda za juu za Ethiopia. Tuseme ukweli hapa: udongo huo haukutoka Shinyanga. Tope la Usukuma hutua ndani ya Ziwa Viktoria, na kilichobaki huchujwa na madimbwi makubwa ya Sudan Kusini. Udongo wa Misri uliletwa na Nili ya Buluu na mto Atbara. Mafuriko hayo yalipoingia Mediteranea, bahari iliyo maskini wa mbolea, maji ya mbele ya delta yaligeuka kijani kwa mimea midogo, na dagaa wakaja kwa wingi, na wavuvi wakangojea majira hayo kama sisi tunavyongojea mvua za Novemba. Kisha likajengwa Bwawa Kuu la Aswan, kati ya mwaka 1960 na 1970. Mafuriko ya mwisho yaliyofika baharini kwa nguvu yake yalikuwa ya mwaka 1964. Mwaka 1962 wavuvi wa Misri walikuwa wamevua takriban tani 18,000 za dagaa wale. Kufikia mwaka 1968 na 1969 walipata tani mia chache tu. Kambamiti nao walipungua vibaya. Misri ilipata umeme na maji ya kumwagilia mwaka mzima, na hakuna mwenye akili atakayeidharau faida hiyo. Lakini katika hesabu za bwawa, mvuvi wa delta hakuwa na safu yake.

Habari hiyo ina mwisho wa ajabu kidogo. Kuanzia miaka ya 1980 samaki walianza kurudi. Wataalamu waliotafuta sababu waliona kwamba mbolea za viwandani zilizomwagwa mashambani, pamoja na maji machafu ya Kairo na Aleksandria, zilikuwa zimechukua nafasi ya udongo wa Ethiopia. Bahari ililishwa tena, safari hii kwa maji ya chooni. Hatujui kama tufurahi au tusikitike.

Tumelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu sasa tunalo la kwetu. Mto Rufiji hukusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara na kuyafikisha Bahari ya Hindi mbele ya kisiwa cha Mafia. Delta yake ina msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, ambao ni mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki, na mbele yake ndipo penye kambamiti wengi kuliko pwani yote ya nchi yetu. Karibu na Kilindoni huja papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, kula viumbe wadogo kabisa waliostawi katika maji hayo. Mikoko hukamata tope la mto na kulifunga kwa mizizi yake, na katika tope hilo kaboni hulala kwa karne nyingi bila kurudi hewani. Mwezi Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, na leo mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Umeme huo unatufikia hata sisi, na kijana mwenye kinu cha kusaga hapa Tinde anaufahamu umuhimu wake kuliko mwandishi yeyote. Hata hivyo ukuta wa bwawa hauzuii maji tu. Huzuia pia mchanga na tope, ambavyo hutua chini kwenye maji yaliyotulia. Kwa maoni yetu, serikali na wataalamu wangefanya jambo la heri kama wangelitangazia taifa kila mwaka kiasi cha tope kinachofika deltani, pamoja na kiasi cha kambamiti wanaovuliwa, kama vile wanavyotangaza megawati. Misri haikupima mapema. Sisi tunao mfano wa Misri.

Mto Kongo ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa wenyewe haujafungwa kwa ukuta wa namna hiyo karibu na bahari. Humwaga wastani wa mita za ujazo 40,000 kila sekunde, na duniani unashindwa na Amazon peke yake. Mdomo wake una jambo la pekee: bonde refu la chini ya bahari huanzia ndani ya mdomo wenyewe, likashuka hadi kwenye vilindi vya Atlantiki. Majani, mbao na udongo wa misitu hukusanyika mwanzoni mwa bonde hilo, na kila baada ya muda fulani huporomoka. Mwishoni mwa mwaka 2019 mvua zilikuwa nyingi mno Afrika ya Mashariki na ya Kati, kwa sababu Bahari ya Hindi ilikuwa na joto kupita kawaida upande wetu. Wasomaji wetu wa Mwanza na Geita wanazikumbuka mvua hizo: kufikia Mei 2020 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1960, likaingia katika nyumba na mialo ya wavuvi. Mto Kongo nao ulifurika, na katikati ya Januari 2020 tope lililojikusanya mdomoni mwake liliporomoka, likakimbia chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100 na kukata nyaya za mawasiliano, hata intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za magharibi na kusini mwa Afrika. Watu walilalamika juu ya simu zao. Wachache walijua kwamba saa ile ile shehena kubwa ya kaboni ya misitu ya Afrika ilikuwa inazikwa mahali ambapo haitasumbua hewa kwa muda mrefu sana.

Sasa barafu, ambayo bibi yetu aliitaja kwa mzaha. Iliyo karibu nasi ni ile ya Kilimanjaro: mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12, na mwaka 2011 zilibaki chini ya mbili. Ni huzuni kuiona ikiisha, lakini maji ya mto Pangani hutegemea zaidi mvua na misitu ya mlimani kuliko barafu hiyo, na afadhali waamini wajue hivyo, ili nguvu zao waziweke kwenye misitu. Barafu inayoigusa bahari ni ile ya Greenland na Antaktika. Barafu hizo ni nzito kiasi cha kusaga mwamba unaozibeba, kama jiwe la kusagia linavyosaga mtama, na unga huo laini wenye chuma, silika na fosforasi husafiri na maji yanayoyeyuka. Huko kusini, ambako bahari ina mbolea nyingine zote lakini imepungukiwa chuma, vilima vya barafu vinavyoelea huacha nyuma yao mkondo wa kijani.

Huko Greenland kuna jambo la ajabu zaidi. Pale barafu inapofika hadi ndani ya bahari, maji yaliyoyeyuka hutokea chini kabisa, mita mia kadhaa kilindini. Na kwa kuwa hayana chumvi ni mepesi, hupanda juu kwa nguvu na kuinua maji ya kilindi yenye mbolea. Ni kama pampu ya kisima. Mbele ya barafu za namna hiyo samaki ni wengi wakati wote wa kiangazi. Lakini joto linapoirudisha barafu nyuma hadi ikasimama juu ya nchi kavu, maji yake huingia baharini kwa juu, kama mto wa kawaida, na pampu husimama. Tena maji hayo mepesi yakizidi hutanda juu ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, yakazuia ile hali ya bahari kujipindua. Mbolea hubaki chini, na hewa ya ukaa iliyopaswa kushuka hubaki juu. Kwa hiyo kuyeyuka kidogo kwaweza kulisha bahari, na kuyeyuka kupita kiasi kwaweza kuinyima chakula. Mwenye kudhani kwamba barafu ikiyeyuka hatari yake ni maji kujaa tu, hajaambiwa habari yote.

Na bahari iliyobadilika hutujibu kwa mvua. Mvua zetu zimefungwa na hali ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Wakulima wa pamba na mtama wanaoikumbuka El Nino ya mwaka 1997 na 1998 hawahitaji maelezo zaidi. Waliozalisha sehemu kubwa ya joto hilo hawaishi Shinyanga. Baba Mtakatifu Fransisko alilisema jambo hilo waziwazi katika Laudato si', na tena katika Laudate Deum ya mwaka 2023, kwamba walio maskini hulipa gharama ya deni ambalo si wao walilokopa.

Hata hivyo tusijifiche nyuma ya ukweli huo. Nabii Ezekieli, katika sura ya 47, anaonyeshwa maji yanayotoka chini ya kizingiti cha hekalu. Yanaanza kifundoni, yanafika magotini, kisha kiunoni, hadi yanakuwa mto usiovukika. Na yanapoingia katika bahari iliyokufa, bahari inapona, samaki wanakuwa wengi na wavuvi wanatandaza nyavu. Tumelisikia somo hilo mara nyingi, na mahubiri mengi huishia kwenye miti ya majani yasiyonyauka. Ni mara chache tunasikia aya ya 11, isemayo kwamba madimbwi na vinamasi vyake havitaponywa, vitaachiwa chumvi. Sisi wa Manonga tunaijua aya hiyo kwa macho. Katika bonde lisilo na mlango, kila kinachowekwa mtoni hubaki. Hakuna bahari ya kukizamisha.

Ziwa Viktoria nalo, ingawa lina mlango wa Jinja, linafanana na bonde hilo kuliko tunavyodhani. Maji yake mengi huja kwa mvua iliyonyesha juu ya ziwa lenyewe na huondoka kwa jua. Kinachotoka kwa Nili ni kidogo. Kwa hiyo udongo na mbolea za mashamba yetu vinavyoingia humo, pamoja na vinavyoletwa na upepo na mvua, hukaa. Yale tuliyoyasema juu ya bahari yametokea humo humo mbele yetu: tangu miaka ya 1960 mimea midogo imeongezeka maradufu, na inapokufa na kuzama, kuoza kwake kunamaliza oksijeni ya maji ya chini, hata samaki waliozoea kuishi huko wakakosa pa kuishi. Mto Simiyu ni mmojawapo wa mito inayoleta tope jingi. Huo ni mto unaotoka katika nchi ya Wasukuma, unapita katika mashamba yetu na malisho yetu. Hapa hakuna mgeni wa kulaumiwa.

Kisha ipo zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kutoka Geita hadi Kahama na Shinyanga, wanaifahamu kazi yake: huchanganywa na mchanga uliosagwa kwenye karasha, hushika dhahabu, kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Moshi wake huingia katika mapafu ya mchomaji na ya mama aliye jirani, na sehemu yake hupanda hewani na kusafiri mbali sana kabla ya kurudi na mvua. Nyingine hubaki kwenye marudio, ambayo mvua kubwa huyasukuma mtoni. Duniani kote, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza kwa kutoa zebaki hewani, zaidi ya theluthi moja ya yote inayotokana na wanadamu. Na nyingi huishia baharini. Huko vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia katika nyama ya samaki, nayo huongezeka kwa kila anayemla mwenzake, hadi jodari na papa wanakuwa nayo mara nyingi kuliko maji wanamoogelea. Wajapani waliijua sumu hiyo huko Minamata, ambako mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ulitambuliwa rasmi miongoni mwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda. Mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, wa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania imeuridhia. Laudato si' nayo, katika aya ya 51, yaitaja zebaki ya machimbo ya dhahabu kwa jina lake, kama sehemu ya deni ambalo nchi tajiri zinadaiwa na nchi maskini. Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1990 kwa samaki wa Ziwa Viktoria karibu na maeneo ya dhahabu vilionyesha zebaki kidogo, chini ya kiwango cha hatari. Tunalisema hili ili mtu asiache kula sangara kwa hofu. Lakini vipimo hivyo ni vya wakati ambapo wachimbaji walikuwa wachache kuliko leo.

Si wachimbaji wadogo peke yao. Mwezi Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi wilayani Kishapu. Kwa saa chache watu waliona kwa macho kile ambacho mito hufanya polepole kwa miaka mingi.

Tungemaliza kwa majonzi kama Shinyanga isingekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Wazee wetu walikata misitu ya nchi hii kwa amri ya wakoloni, ili kufukuza mbung'o, na pamba ikaja kumaliza iliyobaki. Kufikia miaka ya 1980 watu wa mbali waliitaja Shinyanga kama jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na jambo la busara kuliko yote lililofanywa na mpango huo lilikuwa kuwauliza wazee wao walikuwa wakifanya nini zamani. Jibu lilikuwa ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani na miti ijiotee, na kufunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Ngitili zilikuwa karibu kutoweka. Katika miaka isiyofika ishirini zilifikia zaidi ya hekta 300,000 zilizorudishwa, katika mamia ya vijiji. Kaboni ikarudi ardhini na mitini. Udongo ukabaki mahali pake badala ya kuwa tope la mto. Aliyefunga ngitili yake Kishapu au Shinyanga Vijijini hakuwa akiiwaza bahari hata kidogo, aliwaza ng'ombe wake wa mwezi wa Septemba. Na bado alikuwa amelijibu swali la bahari. Leo baadhi ya ngitili hizo zinauzwa vipande vipande, zinachomwa mkaa, au zinachimbwa maduara. Viongozi wa vigango wanaojua mahali zilipo wangefanya vema kuzitaja kwa majina katika vikao vyao, kabla hazijageuka kuwa kumbukumbu tu.

Tulirudi kwa bibi yetu na jibu hili, tukalifupisha kadiri tulivyoweza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatuuliza juu ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004, ambayo mtendaji wa kijiji huwatajia: kwamba shughuli za kudumu za kibinadamu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bustani za mchicha na nyanya za akina mama wa WAWATA ziko mita kumi kutoka kwenye mchanga wa kijito, kwa kuwa hapo ndipo maji ya kuchimbua kwa mkono yanapopatikana mwezi wa Agosti, na ada za shule za wajukuu wake watatu hutoka hapo. “Nikizisogeza,” alisema, “nani atanichimbia kisima huko juu?” Tulitazamana. Mjumbe mmoja akasema parokia ilikwisha kuzungumzia kisima kwa ajili ya kikundi hicho, lakini fedha zikapelekwa kwenye paa la kanisa. Jumuiya imeazimia kulipeleka jambo hilo tena kwenye Halmashauri ya Walei kabla ya mvua za Novemba, na bibi amesema akipata kisima yuko tayari kuwaongoza akina mama kupanda miti kwenye ukingo ule, kuanzia kwenye bustani yake mwenyewe.